Kiboko Sebuleni

"Mwanangu, hebu nieleze. Huyu kiboko ameingiaje sebuleni?"

Mzee alikuwa ameniita kwenye meza yake, ile iliyo karibu na dirisha linaloangalia ukuta wa godauni. Ndiye anayetupangia kurasa. Ameifanya kazi hii tangu enzi za kukata karatasi kwa wembe na kuzibandika kwa gundi, na hajawahi kukimbizana na mtu. Alikuwa ameukuza ukurasa wa 64 kwenye skrini hadi herufi zikawa kubwa kama za ubavuni mwa matatu, na kidole chake kimetulia chini ya sentensi moja:

*Usiku wa manane, kiboko alianguka kwa kishindo.*

Nikaisoma. Nikairudia. Upatanisho ulikuwa sawasawa. Kiboko ni mnyama, yuko kwenye ngeli ya A-WA, kwa hiyo *alianguka*. Nikamweleza hivyo, tena kwa ile sauti ya mwalimu wa zamu.

"Rudi ukurasa wa 61," akasema.

Ukurasa wa 61, ambao niliupitisha mimi mwenyewe wiki mbili kabla, babu ya wale watoto anatundika kiboko chake ukutani. Kiboko, mjeledi. Ule wa ngozi, aliochungia ng'ombe ujanani. Kimetundikwa kwenye msumari, usiku kinaanguka, watoto wanadhani ni mwizi. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Mwandishi alikuwa ameandika *kilianguka*, na alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Mimi ndiye niliyemwangusha mnyama mzima kwenye zulia la babu.

Mzee hakucheka. Angecheka ningepata nafuu. Alinitazama tu juu ya miwani, kisha akauliza, "Jana ulilala saa ngapi?"

## Huenda

Wiki tisa zimepita na bado swali hilo halijanitoka. La kiboko nimeshalicheka na kulimaliza. La kulala ndilo linalonirudia ninapokuwa kwenye matatu.

Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule, upande wa Kiswahili, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Nimeshasaini mitano. Kampuni siitaji, wala hakuna haja: aliyewahi kufanya kazi ya mkataba Nairobi anaweza kuweka jina la kwao hapo na habari ikabaki ile ile.

Ila mkataba huu wa tano ulikuja na kitu kipya. Katika mkutano mmoja wa Jumatatu bosi alitupia kwamba nafasi moja ya kudumu *huenda* ikapatikana, kitabu chetu kipya kikipata ithibati ya KICD, taasisi ya serikali inayoidhinisha vitabu vya shule.

Huenda. Nimehariri Kiswahili miaka tisa na sijaona neno linalobebeshwa mzigo mzito kama hili kwa ujira mdogo hivi.

Walio katika kazi hii wanajua uzito wa ithibati. Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni. Zamani kitabu kikikosa shule hii, mwenye duka aliweza kukisukuma kwa ile. Siku hizi ukikosa kule juu umekosa kote, na kazi ya mwaka mzima inalala kabatini. Kwa hiyo bosi hakuwa akinificha kitu. Naye alikuwa na *huenda* yake, ya juu zaidi.

Usiku ule niliifungua Sheria ya Ajira ya 2007 kwenye simu, nikaisoma kama mtu anayetafuta dua. Sikuona mstari ulioandikwa kwa ajili yangu. Asubuhi nikampigia rafiki yangu wakili.

"Mkataba wa muda hufa wenyewe siku yake ikifika," akaniambia. "Hauhitaji kuuawa. Labda uthibitishe kwamba mwajiri alikupa sababu ya haki ya kutarajia utaongezewa."

"Aliposema *huenda* je?"

Alicheka hadi akaomba radhi.

## Masahihisho kumi na manne

Nilidhani mtu asiyejua hatima yake hulegea. Kwangu ilikuwa kinyume. Nilijikaza kuliko wakati wowote maishani mwangu.

Nilianza kupanda matatu ya saa kumi na moja na nusu hapa Umoja, nishuke City Stadium kabla jua halijachomoza vizuri, nitembee Lusaka Road pamoja na vibarua wanaowahi foleni za malango ya viwanda. Saa moja kamili niko mezani. Bosi huingia saa mbili kasorobo, na nilihakikisha ananikuta nimeinama.

Mkutanoni nikawa msemaji. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi nikawa wa kwanza kujibu, hata yale yasiyonihusu, kama habari za mtungi wa maji.

Na usiku nilituma baruapepe.

Hapa inabidi niseme ukweli ambao sijamwambia mtu. Kazi ya usiku mara nyingi niliimaliza saa tatu. Naoga, nala, namlaza mtoto. Halafu nakaa na ile baruapepe iliyokwisha kuandikwa, nasinzia kwenye kochi, hadi saa sita kasoro dakika kumi ndipo naibonyeza iende. Nilitaka saa ionekane. Nilitaka bosi afungue asubuhi na kusema moyoni, huyu dada halali.

Na kweli sikuwa nikilala. Nilikuwa nikingoja saa ya kuonekana sijalala.

Usiku wa kiboko nilikuwa na prufu ya tatu mkononi, zile kurasa za majaribio zinazokaguliwa kabla ya kuchapa. Prufu ya tatu si mahali pa kugundua mambo. Mhariri mwenye akili akifika hapo hutafuta nukta zilizopotea na namba za kurasa, basi. Nilikuwa nimepata masahihisho kumi na moja. Yote ya kweli, hata leo nayatetea. Nikayatazama kwenye karatasi. Kumi na moja yalionekana machache.

Nikarudi kutafuta mengine.

La kumi na mbili lilikuwa koma. La kumi na tatu lilikuwa kiboko: nilifungua ukurasa wa 64 peke yake, bila kusoma wa 61, nikaona *kiboko kilianguka*, na moyo wangu, wallahi, ukafurahi. Nilifurahi kuona kosa. La kumi na nne silikumbuki tena.

Nimehariri muda mrefu kiasi cha kujua kwamba kusoma vizuri ni kujisahau. Macho yanakuwa kwenye ukurasa na wewe mwenyewe haupo. Ukianza kuwaza sura yako unaposoma, herufi unaziona lakini maneno hayakufikii. Usiku ule sikuwa nikisoma hadithi ya babu. Nilikuwa nikisoma mkataba wangu wa sita, ambao haujaandikwa.

## Unamfanyia nani?

Katika idara ya usanifu kulikuwa na kijana, naye wa mkataba kama mimi, tuliyezoea kula pamoja kwenye kibanda cha nje ya lango. Chapati mbili na madondo. Saa kumi na moja jioni ikigonga, yeye amefunga kompyuta na begi liko mgongoni. Hata kazi ikiwa nusu.

"Dada, unamfanyia nani?" aliniuliza siku moja nilipopiga miayo juu ya sahani. "Hawa hawajakuahidi kitu."

Nikampa jibu la kiutu uzima. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akatafuna, akafikiri, akasema, "Sawa. Lakini umeinama mwaka na miezi mitatu. Huko mvunguni umeona nini?"

Methali hiyo siipendi tena. Haisemi lolote kuhusu mvungu mtupu.

Moyoni nilimwona mvivu. Nilijua kwamba nyumbani usiku alikuwa akichora katuni zake mwenyewe, na nikamhesabia hilo kuwa dhambi, kana kwamba alikuwa akiiba mafuta ya gari la kampuni. Mwezi uliopita katuni hizo zilimpatia kazi nyingine, ya kudumu, yenye bima. Aliaga siku ya Ijumaa kwa keki ndogo na soda.

Kwa hiyo siwezi kuandika hapa kwamba alikosea. Hakukosea. Aliyekosea hesabu ni mimi.

Baada ya kuondoka kwake nililitazama jalada la mwisho alilotuachia. Nililitazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza. Kila herufi ya jina la kitabu ilikuwa imesogezwa kwa mkono, A na V zikakaribiana pale ambapo kompyuta huacha pengo la ovyo. Mtoto wa Gredi ya 4 hatajua. Mwalimu wake hatajua. Kijana wetu alilifanya hilo kabla ya saa kumi na moja, bila kumwambia mtu, kisha akaenda zake nyumbani.

Nilikuwa nikimhesabia saa. Jalada sikulitazama.

## Nakala zisizo na jina

Vitabu vinavyopelekwa KICD, Barabara ya Desai, kutathminiwa haviruhusiwi kuwa na jina la mwandishi wala la kampuni. Unapeleka kurasa za majina zikiwa tupu. Wanaosoma hawajui kama kimetoka kwa wakubwa wenye jengo lao au kwa watu watano waliopanga juu ya duka la vifaa vya magari. Nimelijua hilo miaka yote, ni moja ya mambo ya utaratibu tu, kama idadi ya nakala na aina ya karatasi.

Siku tulipofunga maboksi ndipo liliponigonga.

Kati ya watu wote walioshika riziki yangu, hao peke yao hawataona kwamba niliingia saa moja. Hawataona baruapepe ya saa sita kasoro. Wataona *kilianguka* au *alianguka*, basi.

Na mzee asingeniita mezani kwake asubuhi ile, wangeona kiboko sebuleni, na mtu fulani nisiyemjua angecheka, akatia alama nyekundu, akageuza ukurasa.

Kwenye rafu yetu kuna kamusi kuukuu ya Kiswahili kwa Kiingereza, ile ya 1939, iliyoshonwa upya mgongo mara mbili. Ukurasa wake wa jina unasema iliandaliwa chini ya uongozi wa *marehemu* Frederick Johnson. Yaani kazi ilitoka, mwenyewe hayupo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilikuwa nikiusoma ukurasa huo na kusisimka: tazama, mtu alifanya kazi asiyoiona ikitoka!

Sasa nausoma na kufikiri kwamba marehemu hadaiwi kodi Umoja.

Yote mawili nayaamini, na sijapata namna ya kuyapatanisha. Kazi nzuri ina haki yake hata kama hakuna anayeilipia. Na mwenye nyumba yangu anataka elfu kumi na nne tarehe tano. Anayenihubiria la kwanza bila kulitaja la pili, nikimtazama vizuri, mara nyingi ni mtu wa mshahara wa kudumu.

## Tui

Mama hunipigia Jumapili baada ya adhuhuri, akishamaliza kuosha karai. Anauza mahamri kule Majengo, Mombasa, tangu mimi sijaanza shule. (Kazi yangu, ukiitazama kwa jicho baya, ni kumsahihisha mama yangu bila yeye kujua. Yeye husema *ndoo hapa* na *mato yaniuma*. Mimi nafuta, naandika *njoo* na *macho*, kwa sababu mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sijawahi kumweleza. Sijui ningeanzia wapi.)

Nilimsimulia kisa cha kiboko. Alicheka akakohoa, akacheka tena, akawaita majirani awasimulie, nami niko hewani nasikiliza makosa yangu yakitafsiriwa kwa Kimvita.

Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimepanga kuliuliza. Msimu wa masika, mvua ikinyesha tangu usiku, na hujui kama asubuhi kuna mtu atakayetoka kununua: unapunguza tui?

Alinyamaza kidogo. Nadhani aliliona swali la ajabu.

"Tui nipunguze kwani limekosa nini? Siku ya mvua napika machache."

Nikadhani ataendelea. Hakuendelea. Akauliza, "Kodi umelipa?"

Nimelifikiria jibu hilo kuliko nilivyofikiria jambo lolote alilowahi kuniambia makusudi. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume kabisa: nilipoona mawingu niliongeza idadi. Saa zaidi, barua zaidi, masahihisho zaidi. Mahamri mengi, mepesi, yasiyo na ladha, yamepangwa hadi mlangoni ili kila mpita njia aone kwamba huyu mama anajituma.

Sidai kwamba nilibadilika siku hiyo. Nilibadilika kama wiki mbili baadaye, na sababu ilikuwa ya kijinga: nilipitwa na usingizi kwenye kochi, baruapepe haikwenda, na asubuhi hakuna aliyeiulizia.

Nikaacha kuzituma usiku. Nikaanza kupanda matatu ya saa kumi na mbili na nusu. Nikirudi jioni, kazi imebaki ofisini. Saa ya chakula nikaandika maombi ya kazi mahali pawili. Mahali pamoja walinikataa kwa heshima, mahali pengine hawajajibu. Na kurasa nilizobakiza nilizisoma polepole, zote, kuanzia mwanzo wa hadithi, hata zile ambazo nilihitaji kusahihisha mstari mmoja tu.

Hilo halikuniletea amani, msije mkadhani. Nilikuwa nikichungulia simu mara tisa kabla ya chai ya saa nne. Na kuna siku bosi alisimama karibu na meza yangu, akauliza kwa upole wa kweli, "Uko sawa? Siku hizi umekuwa kimya."

Nikamwambia niko sawa.

Alipoondoka mikono yangu ilikuwa baridi. Kwa sababu inawezekana kabisa kwamba kile kiini macho changu kilikuwa kikifanya kazi. Inawezekana alikuwa akizisoma zile barua za usiku na kuniwekea alama kichwani mwake, na nilipoziacha akaniona nimechoka. Nimesoma vizuri zaidi na huenda nimejipunguzia nafasi. Sina namna ya kujua. Kuna usiku mmoja niliifungua kompyuta saa tano na nusu ili nitume chochote, hata salamu, nikaifunga.

## Kwa atakayekuja

Leo ni Jumatano. Mkataba unakwisha Ijumaa. KICD bado, na ofisini hakuna aliyesema neno, si ndiyo, si hapana. Wa idara ya wafanyakazi tukikutana kwenye ngazi ananiuliza habari za mtoto.

Tangu jana ninaandika kitu ambacho hakuna aliyeniomba. Kitabu kikirudi na maoni ya watathmini, mtu atalazimika kukiingilia kwa haraka, na mambo mengi tuliyoamua mimi na mwandishi hayajaandikwa popote. Yamo kichwani mwangu, na kichwa changu kinatoka nami langoni siku ya Ijumaa. Kwa hiyo naandika. Kwamba tumeandika *baruapepe* neno moja kitabu kizima. Kwamba mtoto wa sura ya tatu ni yatima wa baba, asije akapewa baba kwenye zoezi la ukurasa wa 40, kama ilivyotokea prufu ya kwanza. Kwamba mwandishi hapendi kupigiwa simu asubuhi, lakini ukimwandikia atakujibu siku hiyo hiyo. Kwamba swali lolote la kurasa apelekewe mzee kwanza, na asikatizwe anapofikiri.

Shida ilikuwa namna ya kumwita msomaji. Nilianza na *mhariri atakayefuata*, ikasomeka kama hati ya polisi. Nikajaribu *wewe*. Kisha nikakumbuka kwamba Jumatatu asubuhi anayeketi pale anaweza kuwa mimi, nikijisomea maagizo yangu mwenyewe. Nikaacha *wewe*. Inatufaa sote wawili.

Mzee alipita nyuma yangu jioni, akainama kuangalia skrini. Akasoma hadi chini bila kusema kitu. Kisha akagusa kioo kwa ukucha.

"Umesahau kimoja," akasema.

Nikaongeza:

*Uk. 64, mstari wa tatu. Ni "kilianguka". Usiguse. Soma kwanza uk. 61.*